Kopo la Chumvi Kabatini

Kwa miaka sita chumvi ya nyumba yetu ililala chumbani kwangu. Ilikaa ndani ya kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati la nguo, nyuma ya sanduku, na ufunguo wa chumba ulikaa kiunoni mwangu. Mama yangu ana presha. Daktari wa kliniki alimwambia apunguze chumvi, nami nilikuwa nimekaa pale pale, nikalisikia hilo neno "apunguze" kwa masikio yangu mawili. Nilipofika nyumbani nikaligeuza kuwa "aache". Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nimezoea kwamba ukimwambia mtoto apunguze kelele atazidi kuzipiga, kwa hiyo unamwambia anyamaze.

Basi nikawa napika, napakua cha mama kwanza, ndipo nakwenda chumbani kuchota chumvi ya chakula changu. Mama alikuwa akinitazama ninavyopita na kijiko changu kama mwizi, anacheka. "Haya, mwalimu," ananiambia akionja mchicha, "leo umenipikia chakula au umenitungia mtihani?"

Alicheka, lakini nilijua anavyoumia, na ndiyo maana nasema sina pa kujifichia. Mama yangu ni mtoto wa chumvi. Baba yake alikuwa akiileta kutoka Uvinza kwa treni, akaiuza sokoni hapa Tabora. Babu yake aliibeba begani kwa njia ile ile, kwa miguu, enzi za misafara, na kwao watu walijuana kwa chumvi waliyoila. Mama alikua akilala juu ya magunia yake. Kuna tabia moja alitoka nayo huko kwao na hakuiacha mpaka leo: jua likishazama, chumvi haitajwi jina. Ukimwendea jirani jioni unaomba "kikolezo". Nilipokuwa mdogo niliwahi kusahau, nikasema chumvi baada ya Magharibi, akanipiga kofi dogo la mdomo kisha akanibusu pale pale aliponipiga.

Mtu wa namna hiyo ndiye niliyemfungia chumvi kabatini.

Upande wa pili wa ua wetu, hapa Mtendeni, anaishi mama mmoja muuza karanga. Karanga zake huziloweka kwenye maji ya chumvi kabla ya kuzikaanga, na harufu yake ikivuka ua wetu hata mimi nasahau madaftari ya kusahihisha. Siku moja nilikuta karanga nne zimefungwa kwenye pindo la khanga ya mama. Nne tu. Nilitoka nje nikasimama uani, nikamwambia jirani kwa sauti yangu ya darasani kwamba anamuua mama yangu taratibu na Mungu anamwona. Majirani wote walisikia. Muuza karanga akaingia ndani na ungo wake. Mama hakula usiku ule, wala si kwa kususa, aliona haya.

Kisha mwaka jana nikaona damu chooni. Mama alikuwa ameificha muda mrefu, akidai ni bawasiri za uzee. Nikampeleka hospitali. Daktari akasema ni lazima utumbo mkubwa utazamwe kwa kamera, na ili kamera ione kitu, tumbo lisafishwe kwanza mpaka kinachotoka kiwe maji matupu. Akatukabidhi kwa nesi atupe maelekezo.

Nesi alikuwa binti mdogo mwenye adabu sana. Alimwamkia mama shikamoo kwa kupiga goti kidogo, kisha akageukia kwangu na paketi nne za dawa ya unga ya kusafisha tumbo. Alisema kila paketi ichanganywe na lita moja ya maji, isizidi na isipungue. Paketi mbili asubuhi mpaka adhuhuri, mbili kuanzia alasiri, na kesho yake asubuhi tuje. Katikati mgonjwa anywe supu iliyochujwa, yenye chumvi, au maji ya chumvi na sukari kama wanayopewa watoto wanaoharisha. "Maji matupu asinywe mengi, mama," akaniambia. "Anaharisha sana siku hiyo, na chumvi ya mwili inatoka nayo. Ukimjazia maji matupu unazidi kuizimua ile iliyobaki."

Akauliza kama mama anatumia dawa yoyote ya kumkojoza.

"Anatumia ya presha tu," nikasema.

"Vidonge vyenyewe umekuja navyo?"

Sikuwa navyo. Akaniomba nimrudie aliyoyasema, aone kama nimeelewa. Hapo nikakasirika. Nina miaka ishirini na nane ubaoni, watoto niliowafundisha wengine ni manesi. "Dada yangu, mimi ni mwalimu," nikamwambia. "Nimeelewa." Akanipa karatasi yenye maelekezo yote, nikaikunja nikaitia ndani ya daftari la mahudhurio, na sikuifungua tena mpaka mama amelazwa.

Siku yenyewe niliomba ruhusa shuleni. Saa tatu asubuhi nikakata paketi ya kwanza, nikaikoroga kwenye jagi la lita moja, na kabla ya kumpa mama nikaionja. Nilitema chini. Ilikuwa na chumvi! Nakumbuka jinsi nilivyojisifu moyoni wakati ule. Niliwaza: hawa wanachanganyia watu wote dawa moja, hawakukumbuka kwamba huyu ana presha, bahati yake amepata mtoto mwenye akili. Nikaimimina kwenye ndoo safi, nikaongeza lita nyingine ya maji. Nikaonja tena, chumvi haikusikika. Nikaridhika.

Kila kikombe cha dawa nikakifuatisha na kikombe cha maji matupu niliyoyachemsha jana yake, ili, kwa hesabu zangu, ile chumvi isukumwe itoke. Mama alikunywa. Alikunywa kwa utii ambao nikiufikiria sasa naumia, kwa sababu miaka yote tumezoea yeye kunisema na mimi kubishana naye, lakini siku ile aliogopa kipimo na akajiweka mikononi mwangu mzima mzima. Alikwenda chooni, akarudi, akanywa, akaenda. "Tumbo langu limekuwa bomba la manispaa," akasema, tukacheka wote wawili.

Adhuhuri nikampa supu. Nilikuwa nimechemsha kuku wa kienyeji tangu asubuhi, nikaichuja kwa kitambaa cheupe. Sikutia chumvi. Alinywa vijiko viwili akaweka bakuli chini.

"Mwanangu, tia chumvi kidogo tu. Kinywa changu hakina ladha hata ya mate."

"Mama, presha," nikasema.

Hakubishana. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniomba.

Alasiri alianza kulalamika kichwa. Alisema kinagonga, na moyo unamchafuka. Nikaona ni njaa, nikampa kikombe kingine cha maji. Wakati huo huo jirani wa karanga akabisha hodi mlangoni. Tulikuwa hatusemezani vizuri tangu zile karanga nne, lakini alikuwa amesikia kwamba mama amefunga kula kwa ajili ya kipimo, akaja na bakuli lililofunikwa kwa sahani.

"Nimemletea supu, mwalimu. Nimeichuja. Imekolea vizuri."

"Ndiyo nisiyoitaka hiyo iliyokolea," nikamwambia, na sikumfungulia mlango wote.

Mama akasikia kutoka kitandani. "Mwache aingie. Nipe hata kijiko kimoja, mwanangu. Kimoja tu."

"Kesho ukishapimwa," nikamjibu bila kugeuka. Jirani akanitazama kidogo, akaondoka na bakuli lake. Mara ya pili.

Nilianza paketi ya tatu. Mama alikuwa anasinzia na kuzinduka, na akizinduka maneno yake yalikuwa yanapishana. Aliuliza kama treni imeingia. Nikadhani anaota. Nikamnyanyua, nikamnywesha. Kisha jua likazama, adhana ikasikika kutoka msikiti wa jirani, nikawa nafunga madirisha nikatawadhe. Akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi. Akaniita "mama", mimi, mwanawe, na akaongea nami Kinyamwezi cha utotoni mwake, kisha kwa Kiswahili akaniambia polepole kabisa:

"Nipe kikolezo."

Akili ilikuwa inamtoka, jina langu limempotea, hajui yuko wapi, lakini alijua kwamba jua limezama na kwamba kitu kile hakitajwi. Na mimi nilielewa. Hakuna mtu mwingine mjini humu ambaye angeelewa haraka kama mimi. Kopo lilikuwa hatua kumi kutoka pale, ufunguo ulikuwa kiunoni.

"Mama, usinichoshe," nikasema. Nikauvuta mkono wangu, nikaenda kuswali.

Sikumaliza rakaa ya pili. Nilisikia kitanda kinagonga ukuta. Nilipoingia alikuwa amekakamaa, meno yamebana, macho yamegeuka, mwili mzima unatetemeka. Nilipiga ukelele. Aliyefika wa kwanza ni jirani, khanga begani, na ndiye aliyekimbia barabarani kusimamisha bajaji na ndiye aliyempakata mama njia nzima.

Hospitali walimchoma sindano ya kutuliza mtetemeko ule, wakachukua damu. Daktari alinigeukia. "Alikunywa nini leo, na kiasi gani?"

"Kama nilivyoelekezwa," nikasema.

Sijui uongo ule ulitoka wapi kwa wepesi namna ile. Jirani alikuwa amesimama nyuma yangu.

Majibu ya damu yalipotoka daktari akasema chumvi ya mama imefika kiwango cha hatari. Mimi, hata pale, nikauliza, "Imepanda, daktari?"

"Imeshuka, mama. Imeshuka sana." Akanieleza kwa subira, kama ninavyomweleza mtoto mgumu wa hesabu. Kwamba mama amepoteza chumvi kwa kuharisha, na maji mengi yameingia kuzimua iliyobaki. Kwamba damu ikiwa nyepesi hivyo, maji yanaingia kwenye ubongo nao unavimba, ndiyo maana akapayuka, ndiyo maana akatukutika. Kwamba wazee huwa hatarini zaidi, hasa wanawake, na hasa wanaotumia dawa za kukojoza au wanaokula bila chumvi. Kwamba sasa watamrudishia chumvi kwa dripu, lakini polepole mno, wakipima damu kila baada ya saa chache, kwa sababu ikipanda kwa pupa nayo inaharibu ubongo. "Tuombe Mungu," akasema, na daktari akikwambia hivyo unajua yeye mwenyewe hana uhakika.

Nikakaa kwenye benchi nikitazama chumvi inaingia kwa mama yangu tone moja moja, kwa sindano, ile niliyomnyima kwa kijiko.

Asubuhi yake nesi yule binti aliingia zamu. Daktari akamwita pale pale kitandani, si kwa ukali, lakini mbele ya watu. Akamuuliza alitoa maelekezo gani kuhusu maji. Binti akaniangalia. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Mdomo wangu ulikuwepo, sauti yangu ninayoisifu ilikuwepo. Nikainamisha kichwa nikawa natengeneza shuka la mama.

"Nilimweleza," akasema. "Labda sikusisitiza vya kutosha, daktari." Akaambiwa aandike maelezo yake kwa maandishi.

Saa nne jirani alikuja na uji kwenye chupa ya chai. Alinimiminia, akahakikisha nimekunywa. Kisha akasema huku akifunga kifuniko, "Mwalimu, yule binti analia kule nyuma ya maabara." Alikuwa ameyaona yote mlangoni kwangu, lile bakuli lake lililorudi bila kuonjwa, na angeweza kusema mbele ya daktari usiku uliopita, akanyamaza.

Nikaenda ofisini kwa daktari. Nikasema yote: lita mbili badala ya moja, vikombe vya maji matupu, supu isiyo na chumvi, ile iliyorudishwa, miaka sita ya kopo kabatini. Daktari hakunigombeza. Aliandika, akauliza, akaandika. Akanituma nikalete vidonge vya mama, nikavileta, na akanionyesha kimoja kidogo cheupe ambacho nimempa mama kila asubuhi, pamoja na asubuhi ile, nikijua ni cha presha tu. Ndicho cha kukojoza. Angenigombeza ningeshukuru. Kugombezwa nakufahamu, nafanya kazi hiyo kila siku.

Nilimtafuta binti nikamwomba msamaha. Alifuta macho, akasema, "Pole na kuuguza, mama," akaniuliza kama nimekula. Nikatamani anitukane.

Siku ya tatu mama akafungua macho akaomba chai. Siku ya tano akaanza kunisema kwamba khanga niliyomletea ni ya kuvaa jikoni. Nililia chooni nikarudi nikiwa nimenawa uso. Baadaye, alipopata nguvu, walimlaza tena wakamwandaa wao wenyewe wodini. Nesi yule yule alikoroga dawa mbele yangu kwenye jagi la lita moja, nami niliikalia mikono yangu nisiguse kitu. Kamera ikakuta kinyama kidogo kwenye utumbo, wakakitoa, kikapimwa, hakikuwa na ubaya.

Kwa hiyo kila mtu akafurahi, na mateso yangu yakaanza upya. Mama alikuwa hakumbuki siku ile, au ndivyo alivyosema. Wageni walipokuja kumpa pole, kutoka Isevya, kutoka Ulyankulu kwa ndugu zetu wakulima, aliwaambia wote habari moja: "Huyu mnayemwona ndiye aliyeniponya. Hakuondoka kitandani kwangu. Asingekuwa huyu mngekuwa mnakula pilau ya hitima." Nao wakaniambia nina radhi za mama, nisiwe na wasiwasi na pepo. Nami nikapitisha kahawa. Jirani wa karanga alikuwa kwenye jamvi pamoja nao, anatafuna, anatazama mbele.

Nilivumilia hivyo kwa wiki kadhaa. Daktari alikuwa amebadilisha kile kidonge na kuniruhusu nimtilie mama chumvi kwa kiasi, kijiko kidogo cha chai kisichojaa, kwa siku nzima. Nililishusha kopo kabatini nikaliweka jikoni, wazi, na nilimwona mama analigusa akipita.

Jioni moja tumekaa na ugali na kisamvu, jua limeshazama, sisi wawili tu. Akaanza tena kusema jinsi nilivyomponya, mara hii kwa mimi mwenyewe, na nikashindwa kumeza.

"Mama, mimi ndiye niliyekuumiza," nikasema. Nikamweleza kama nilivyomweleza daktari, ila kwa mama niliongeza ambalo kwa daktari sikulitaja. "Uliniomba chumvi, nikakunyima."

Sikukumbuka hata kwamba ni usiku na nimeitaja jina. Yeye hakunikemea.

"Mara ngapi?" akauliza.

"Mara tatu."

"Mara ya tatu nilikwambiaje?"

"Ulisema nikupe kikolezo. Nikakwambia usinichoshe."

Alikuwa akiuviringa ugali mkononi, akauviringa mpaka ukawa mdogo na mgumu, akauweka pembeni ya sahani.

"Basi haikuwa ndoto," akasema. "Niliyakumbuka hayo tangu hospitali. Nikajiambia ni ndoto ya homa, maana mwanangu namjua. Mkali, lakini hawezi kuombwa na mama yake mara tatu akamwambia hivyo."

Akanyoosha mkono akavuta kopo karibu, akalifungua, akachota kwa ncha za vidole. Nilidhani anatia kwenye kisamvu chake. Akanyunyizia changu kwanza, kidogo, akanisogezea sahani.

"Kula," akasema. "Kinapoa."